Usiking'oe, Ni Dawa Hicho!

Katika mtaa wetu hapa Kihonda, Morogoro, kishonanguo haking'olewi kwa amani. Ukiinama tu na jembe, mtu anatokea upande wa barabarani, anasimama, anakohoa, kisha anasema: "Jirani, mbona unang'oa dawa?" Hakuna anayeuliza hali ya mahindi yangu. Hakuna anayesema lete jembe nikupokee kidogo. Mahindi hayana wa kuyatetea mtaa huu, gugu ndilo lenye mawakili.

Kwa msomaji aliyekulia ghorofani: ni kile kimea cha majani yenye meno pembeni, mara nyingi yakiwa matatu matatu, na ua la njano katikati. Ua likikauka linabaki tufe la vijiti vyeusi vyembamba, kila kimoja urefu wa kama sentimita moja, na kichwani kina miiba miwili au mitatu. Ukiutazama mwiba huo kwa karibu, una vijino vilivyogeukia nyuma, ndiyo maana kwenye soksi unaingia bila taabu lakini kutoka hautoki. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 3,000. Kwa hesabu zangu zote ziko kwenye kamba za viatu vyangu. Suruali ya kazini imefuliwa, imeanikwa, imepigwa pasi, na bado kwenye pindo wamo abiria.

Sasa sikilizeni madaktari. Shangazi yangu anasema kishonanguo ni cha tumbo la kuhara. Kijana wa bodaboda pale kijiweni anasema ni cha presha. Mama wa genge anasema ni cha sikio, ila majani uyapashe motoni kwanza, uyakamue, udondoshe maji yake yakiwa vuguvugu. Mzee mmoja mstaafu, baada ya kugeuza shingo kuhakikisha hakuna mwanamke karibu, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kinarudisha heshima ya ndoa. Nilijua tu tutafika huko. Nchi hii dawa isiyofika huko bado haijahitimu.

Nikiuliza kipimo, ndipo vurugu inapoanza. Shangazi: "Konzi moja." Konzi ya nani? Ya shangazi mwenyewe ni kiganja cha mtoto wa darasa la tatu, ya yule wa bodaboda unaweza kupakulia wali wa msibani. Nichemshe kwa muda gani? "Mpaka ukiona yameiva." Ninywe kwa siku ngapi? "Mpaka usikie nafuu." Na nisiposikia nafuu? "Basi umechelewa kuanza." Marehemu Babu Ambilikile Mwasapile wa Samunge kule Loliondo, mseme mtakavyo, mwaka 2011 alikuwa na utaratibu: kikombe kimoja cha dawa, shilingi 500, nenda nyumbani. Hawa wa kwetu hata kikombe hawajakubaliana.

Kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake la kusajili waganga. Ila waliotunga sheria hawakumfikiria mtu anayetibu huku anapita, ndoo ya maji kichwani, bila malipo na bila kuombwa.

Kinachoniudhi zaidi ni ile hoja ya mwisho, ya kunifunga mdomo: "Hii dawa ya mababu!" Babu yupi? Kishonanguo asili yake ni Amerika ya kitropiki, huko huko yalikotoka mahindi na muhogo. Linnaeus, yule Mswidi aliyegawa majina kwa kila kiotacho, alikiandika mwaka 1753 akakiita Bidens pilosa, na leo kimeenea karibu kila nchi yenye joto. Mhamiaji aliyesafiri kwa kung'ang'ania nguo na manyoya ya wengine, kisha akapewa uzee wa ukoo! Nilimweleza mstaafu wangu habari hizi. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi hata Wamarekani wanajua ni dawa."

Wajapani ndio walionimaliza kabisa. Katika kisiwa chao cha Miyako, kishonanguo wanakilima. Kwa makusudi. Wanakivuna, wanakikausha, wanauza majani yake ya chai. Mimi huku mgongo umepinda kwa kukitoa!

Kusema kweli, wenzetu wa maabara hawajakipuuza. Wamekuta ndani yake kemikali zinazodhoofisha vijidudu, na huko Taiwan wameona baadhi yake zikishusha sukari ya panya. Narudia, panya. Jirani yangu wa ukuta wa pili alipolisikia neno sukari hakungoja tufike kwa panya, alichukua sufuria. Anameza vidonge vya kisukari kila asubuhi, na sasa anaviteremshia na jagi la majani. Nikamwambia, dada, kama hayo majani kweli yanashusha sukari, na vidonge vinashusha, mwisho itashuka na wewe mwenyewe uanguke jikoni. Kamuulize daktari kwanza. Akasema nina wivu wa dawa.

Na anachuma wapi? Nyuma ya gereji, kwenye udongo mweusi uliolishwa oili chafu na betri kuukuu, kwa sababu "huko vimenawiri." Kishonanguo ni hodari wa kufyonza kadimiamu kutoka ardhini, na hiyo ni sumu ya figo. Lakini ukitaja kadimiamu mtaani watu wanakutazama hivi, wanakuuliza ni timu ya wapi.

Kuhusu kidonda siwezi kubisha sana. Jembe liliniparua kwenye muundi, na kabla sijamaliza kulaani, mama wa genge alikuwa ameshachuma majani machanga, ameyafikicha kati ya viganja mpaka yakatoa maji ya kijani kibichi, akayakamulia juu. Iliwasha vibaya sana. Damu ikakatika, ingawa mkwaruzo wenyewe nao haukuwa wa kutisha. Nikaenda zahanati kwa ajili ya sindano ya pepopunda, maana jembe langu halinawi. Muuguzi akaosha ule ukijani kwa maji na sabuni huku akinisema: kidonda hakipakwi vitu vya porini, mtu mzima na akili zako! Nikaitikia ndiyo sista, ndiyo sista. Akamaliza kufunga bandeji, akatazama mlangoni, akaniuliza kama kwangu vimebaki, mama yake ana macho mekundu.

Jana jioni jirani wa ukuta wa pili amekuja na kikapu. Gereji wamemwaga zege. Nikafurahi, nikamwambia achume vyote, tena aving'oe na mizizi, nitamkopesha hata jembe. Akachuma ncha tu, laini laini, kwa adabu zote.

"Mizizi hapana, shemeji," akasema. "Acha vichipue. Na hayo mahindi yako yapunguze kidogo, yanavitia kivuli."