Nenda Parke Uulize Kama Unatafutwa

Mkaaji wa Bunia, mashariki mwa Kongo, anayetaka kujua kama kuna hati ya kukamatwa yenye jina lake, njia rasmi ni moja: aende parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, akaulize. Njia yenyewe haina ubaya, ila anayeuliza swali hilo mbele ya karani amekwisha kujijibu. Asiye na neno haulizi, na mwenye neno hupanda gari la Mahagi kabla hakujapambazuka. Basi huyo aliyekuja, hata kama hakuwa akitafutwa, sasa amepatikana. Ndiyo maana nashikilia kwamba uchunguzi wetu wa tabia za watu humpima yuleyule asiyehitaji kupimwa, yaani aliyekubali kupanga foleni.

Mtazame kijana anayeomba kazi ya udereva kwenye shirika. Anadaiwa cheti cha mwenendo mwema, na kingine cha kwamba hajawahi kuhukumiwa. Shefu wa kartie anaandika bila kusita kuwa kijana ni mwadilifu, kwa sababu hajawahi kumsikia. Wanaosikika ndio wenye matatizo. Baada ya miezi michache karatasi hiyo haikubaliki tena, kana kwamba uadilifu huchacha kama maziwa. Halafu kuna jina. Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, watu walijipa ya asili. Ya ubatizo yaliporuhusiwa tena yakarudi na kukaa mwishoni. Kwa hiyo Ngabu mmoja anaweza kuwa na mpangilio mmoja kwenye karti ya uchaguzi, mwingine parokiani na wa tatu kwenye diploma, na akina Ngabu mjini hapa si haba. Karani akikuta hati ya Ngabu, amshike yupi?

Wakati huohuo, wenye hati za kweli hawakuombwa cheti. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata kamanda wa wanamgambo Bosco Ntaganda tarehe 22 Agosti 2006, kwa makosa ya vita vya hapa Ituri, ikaifanya siri hadi 28 Aprili 2008. Katika muda huo karani yeyote angeandika “hakuna” kwa dhamiri safi. Siri ilipofunuliwa, serikali ilimfanya jenerali mwaka 2009, akawa anaishi Goma bila kujificha. Hati ilipokuwa siri haikuonekana, ilipotangazwa haikusomwa. Machi 2013 alijipeleka mwenyewe kwenye ubalozi wa Marekani mjini Kigali, akaomba apelekwe kwenye mahakama hiyo, The Hague. Mtafutwa ndiye aliyekamilisha uchunguzi.

Watasema hati zikitangazwa watu watatoroka. Kweli kabisa. Mathieu Ngudjolo, kanali wa jeshi, alikuwa kwenye mafunzo Kinshasa hati ya siri ya mahakama hiyohiyo, ya Julai 2007, ilipomfikia, Februari 2008. Angejua, huenda kiti chake kingekuwa kitupu. (Mwaka 2012 majaji wa The Hague walimwachia huru, kwa hiyo hata hati si hukumu.) Siri na ibaki, basi. Lakini raia hawezi kudaiwa athibitishe kilichomo ndani ya droo asiyoruhusiwa kuifungua. Shirika linalotaka kumjua dereva limtume mtu wake kwenye avenyu anayokaa, amwulize mama anayemkopesha unga na sombe. Mama huyo ana daftari.

Mtu atanijibu kwamba Ituri si mahali pa kutegemea neno la jirani. Katika vita vya 1999 hadi 2003 tuliona maneno ya majirani yalitufikisha wapi. Hofu hiyo siidharau. Kwa sababu hiyo aulizwe zaidi ya mmoja, na mwombaji aambiwe yote yaliyosemwa ili ajibu, kama vile kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006 kinavyotaka aliyekamatwa aelezwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoielewa. Cheti cha mwenendo mwema huandikwa kwa Kifaransa, na wengi hukibeba bila kujua kimewasifu kwa lipi.