Hadhi na Msuguano Katika Majira ya Baridi ya Minnesota

Miongoni mwa aibu zote zinazoweza kumpata mtu mzima mwenye akili timamu, kuanguka juu ya barafu mbele ya kituo cha basi kuna daraja lake la pekee, kwa sababu hutokea bila onyo, hushuhudiwa na watu waliosimama wima, na humwacha aliyeanguka akiutazama mfuko wake wa viazi ukiteleza kuelekea barabarani kwa utulivu ambao yeye mwenyewe ameukosa. Aibu hiyo si ya nadharia tu, kwani wapo wanaoiandikia wakiwa wameketi kwa upande mmoja wa kiti, upande wa pili ukiwa bado haujaridhia kuguswa. Hata hivyo, maandishi mengi yanayowahimiza watu wa nchi za baridi, na hasa wageni waliohamia huko, wayapokee majira hayo kwa moyo mkunjufu, huanzia moyoni na kuishia moyoni, yakisifu mishumaa, supu na mablanketi kana kwamba kinachomnyima mtu raha ni mtazamo wake tu. Makala haya yanashikilia kwamba kikwazo kiko chini zaidi, kwenye soli ya kiatu, na kwamba mji wa Minneapolis, ulio mkubwa kuliko yote katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, unatosha kulithibitisha jambo hilo.

Minnesota haioni haya kwa baridi yake. Tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji mdogo wa Tower, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri, na wenyeji huitaja siku hiyo kwa fahari ambayo watu wengine huwawekea wajukuu waliofaulu mitihani. Katika mji wa Saint Paul, jirani wa Minneapolis, inasimuliwa kwamba mwaka 1885 mwandishi mmoja wa gazeti kutoka New York aliufananisha mji huo na Siberia na kudai kuwa haukaliki na binadamu wakati wa baridi, na wakuu wa mji, badala ya kubishana naye, wakajenga kasri la barafu na kuanzisha tamasha la majira ya baridi mwaka 1886, ambalo linaendelea hadi leo. Katika vitongoji vya Minneapolis vya Brooklyn Park na Brooklyn Center wanaishi pia Wakenya wengi, ambao baadhi yao walifika na koti zito walilonunua kwa gharama kubwa na viatu vya ngozi vya kwendea ibadani, na hapo ndipo somo la fizikia linapoanza.

Baridi yenyewe haimwangushi mtu, bali humwangusha kukosekana kwa msuguano, yaani ile nguvu ya kukwaruzana baina ya vitu viwili vinavyogusana, ambayo huzuia kimoja kisipite juu ya kingine bila kizuizi. Mtu anayetembea kwenye sakafu tambarare huhitaji kiwango cha msuguano cha karibu 0.2, na barafu yenye unyevu huweza kumpa 0.05 au hata chini ya hapo, yaani robo ya anachodai. Kwa muda mrefu vitabu vya shule vilieleza kwamba uzito wa mtu huikandamiza barafu ikayeyuka, na maji hayo ndiyo yanayomtelezesha. Maelezo hayo yanapendeza, lakini hesabu inayakataa, kwa sababu mkandamizo wa kiatu cha kawaida hushusha kiwango cha kuyeyuka kwa chini ya sehemu moja ya mia ya digrii, na ili kuyeyusha kwa uzito wake barafu iliyo nyuzi 7 chini ya sifuri, mtembeaji angepaswa kuwa na zaidi ya tani 100, na kuanguka kwake kungekuwa jambo la wizara.

Aliyekaribia ukweli mapema ni Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, ambaye mwaka 1850 alionyesha kwamba vipande viwili vya barafu vikigusana hugandamana, akahitimisha kwamba uso wa barafu hufunikwa daima na utando mwembamba wenye tabia ya kimiminika. Molekuli, yaani zile chembe ndogo zinazounda maji, zilizo ndani ya barafu hushikwa na jirani zake kila upande, lakini zile za juu kabisa hazina jirani wa kuzishika kutoka juu, kwa hiyo hulegea na kubiringika, na kiatu kinachozikanyaga hubebwa nazo. Mwaka 2018 watafiti wa Amsterdam na Mainz walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba barafu huteleza zaidi ikiwa karibu nyuzi 7 chini ya sifuri, kwani ikiwa baridi zaidi chembe za juu hupoteza wepesi wa kubiringika, na ikiwa joto zaidi barafu yenyewe hulainika na kuchimbika. Ikipozwa hadi kufikia nyuzi 100 chini ya sifuri, barafu hukaribia kuacha kabisa tabia yake ya utelezi, ingawa haijulikani nani angetoka nje kwenda kuifurahia.

Ugunduzi huo una uchungu wake, kwa sababu unageuza hofu yote ya mgeni juu chini. Siku ya nyuzi 30 chini ya sifuri, ambayo mama yake huiona kwenye runinga huko Kisii na kupiga simu akilia, si siku ya utelezi mkubwa zaidi. Siku ya hatari ni ile ya jua, majirani wanapotoka nje wamevaa kaptura na kutangaza kwamba baridi imekwisha. Mchana theluji huyeyuka na maji yake husambaa juu ya njia, usiku huganda tena, na asubuhi inayofuata huwapo kile kinachoitwa barafu nyeusi, ambayo kwa hakika haina rangi yoyote, bali ni utando wa barafu isiyo na mapovu ya hewa, unaoonyesha lami iliyo chini yake na kumfanya mtu aamini kwamba anakanyaga ardhi.

Wataalamu wa afya hushauri kwamba katika hali hiyo mtu atembee kama pengwini, yaani kwa hatua fupi, vidole vya miguu vikiwa vimeelekea nje, mikono ikiwa nje ya mifuko, na uzito wote ukibaki juu ya mguu wa mbele. Sababu yake ni madhubuti, kwa kuwa hatua ndefu humfanya mtu atue kwa kisigino kilichoinama, na kisigino kilichoinama ndicho kinachodai msuguano mwingi kuliko uliopo. Ushauri huo, hata hivyo, haumfikirii mtu aliyelelewa Mombasa au Tanga, ambako mwendo wa madaha huhesabiwa kuwa sehemu ya malezi, na ambaye sasa anatakiwa kumwiga ndege asiyefika Minnesota isipokuwa kwa kufungiwa katika bustani ya wanyama.

Anayepuuza ushauri huo hunyoosha mkono ili kujiokoa, na mkono ulionyooshwa hupokea uzito wote kwenye kifundo, hata ukazuka mvunjiko wa Colles, ulioitwa hivyo kwa jina la Abraham Colles, daktari wa upasuaji wa Ireland aliyeueleza mwaka 1814. Anayeanguka kinyumenyume huepushwa na Colles na kukabidhiwa kwa nyonga. Maumivu yote hayo bado ni madogo yakilinganishwa na adabu ya watazamaji, kwani katika soko la Kariakoo aliyeanguka angepewa pole na watu wengi kwa pamoja, angechekwa waziwazi, angeokotewa viazi vyake na kuhutubiwa kuhusu viatu, ilhali Minneapolis heshima kubwa anayopewa ni watu wote kugundua ghafla kwamba simu zao zina ujumbe wa kusoma. Kuchekwa kuna ubinadamu wake, kutoonekana hakuna.

Mikosi mingine ya majira hayo haihitaji maelezo marefu. Miwani hufunikwa na ukungu mvaaji anapoingia dukani, akamsalimu kwa heshima mtu asiyemjua. Nywele zilizooshwa asubuhi huganda kabla ya kufika kituoni. Glavu hupotea upande mmoja, na daima ni upande wa mkono wa kulia.

Raha ya baridi ipo, na asiyeikubali anajinyima. Kwenye ziwa Mille Lacs, barafu inaponenepa vya kutosha, wavuvi husimamisha vibanda vyenye majiko ya kuota moto, hutoboa sakafu ya barafu na kukaa humo wakizungumza kwa saa nyingi, samaki wakiwa kisingizio tu. Mkenya Philip Boit, aliyekuwa mwanariadha wa mbio za kawaida, alishiriki mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji katika Michezo ya Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho, nafasi ya 92, na mshindi wake, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Kinachosahaulika katika masimulizi ya namna hiyo ni kwamba Boit aliuchagua utelezi na alivaa vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili yake. Furaha ya barafu ni ya mtu aliyeamua kuteleza, na mtu anayekwenda kazini hakuamua.

Mji wenyewe unalijua hilo, ndiyo maana tangu mwaka 1962 Minneapolis imekuwa ikijenga madaraja yaliyofunikwa, yanayounganisha majengo ya katikati ya mji kwa ghorofa ya pili, ambayo sasa yana urefu wa karibu kilomita 15, hata karani wa benki aweze kutoka kwenye gari lake hadi mezani pake bila kukanyaga theluji. Madaraja hayo hufungwa usiku, na hayafiki kwenye nyumba za kulelea wazee ambako wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki hufanya kazi za zamu. Magari ya mji husukuma theluji kutoka barabarani na kuirundika kwenye kona, pale pale mtembeaji anapovukia, na kazi ya kusafisha njia ya miguu inaachiwa mwenye nyumba. Huo si msiba wa hali ya hewa bali ni uamuzi wa watu, nao unaweza kubadilishwa, kama ulivyobadilishwa huko Karlskoga nchini Sweden, ambako halmashauri iliamua kuanza na njia za miguu na vituo vya mabasi kabla ya barabara kuu, kwa hoja rahisi kwamba gari hupita kwenye theluji kidogo kwa urahisi kuliko kigari cha mtoto. Anayemhimiza mlezi wa wazee ajifunze kuipenda baridi, huku njia ya miguu iliyo mbele ya nyumba yake mwenyewe imeganda, anafanya kejeli.

Chumvi haitoshi kuondoa lawama hiyo, kwa kuwa chumvi ya kawaida hufanya kazi kwa shida baridi inapopita nyuzi 9 chini ya sifuri, na kijiko kimoja kidogo cha chumvi hiyo kinatosha kuchafua lita 19 za maji ya ziwa au mto. Beleshi litangulie, mchanga ufuate, na chumvi iwe ya mwisho. Wenye nyumba za Minneapolis, hasa za kwenye kona, wanaombwa wasafishe hadi ukingo wa barabara na si hadi mwisho wa ua wao tu. Sheria ya mji imewapa saa 24 baada ya theluji kukoma, lakini wanaotoka zamu ya usiku hupita hapo kabla saa hizo hazijaisha.