Namna ya Kufurikisha Chemba Kila Sikukuu

Choo kikiziba mara moja, hiyo ni ajali. Lakini choo kilichoziba Idd, kikaziba Krismasi, kisha kikaziba tena siku wakwe wamefika kutoka Moshi na wote wameshakunywa supu, hicho kina watu wamekihangaikia. Mwongozo huu ni wa wenye nyumba na wapangaji wa Dar es Salaam wanaotaka kufikia kiwango hicho bila kubahatisha.

Anza mapema, nyumba ikiwa bado haijapauliwa. Bomba la choo la inchi nne linataka mteremko wa kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Likilala zaidi ya hapo, mzigo unakaa. Likisimama sana, maji yanatangulia mbio na kuuacha mzigo nyuma. Kwa hiyo usimwulize fundi kama amekuja na pima maji. Mwache akadirie kwa jicho, na akisema "hapa yanatelemka yenyewe, bosi", mpe soda. Kwenye kona mwambie apige elbo moja kali ya nyuzi 90, asihangaike na mbili za 45. Kwenye kona hiyo ndipo mtakapokuwa mkikutana naye miaka 20 ijayo.

Jikoni kazi ni nyepesi. Mafuta ya kukaangia yakiwa ya moto yanatiririka kama maji, kwa hiyo yamwage kwenye sinki ukiwa na amani moyoni. Huko chini yatapoa, yagande kama samli, yanase punje za wali na mchanga uliosugulia masufuria. Usidhani ni mchezo wa maskini. London, Septemba 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, lilikutwa donge la mafuta na vitambaa vya kujifutia lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Mwaka uliofuata kipande chake kiliwekwa makumbusho, watu wakaenda kukitazama. Sisi bado hatujafika huko, ila vipaji tunavyo.

Chooni kanuni ni moja: kisichoonekana hakipo. Pampasi, taulo za kike, waipsi, rasta zilizofumuliwa, vyote vivute na maji. Karatasi ya chooni ikiloa inasambaratika. Waipsi imetengenezwa makusudi isisambaratike, na hapo ndipo penye thamani yake.

Nyumba moja niliyopanga tulikuwa familia nne, choo cha pamoja, na kila kilipoziba hakuna aliyewahi kutupa kitu. Siku moja tulisimama wote kuizunguka chemba. Fundi akavuta waya, akavuta, akatoa kitu, akakilaza juu ya zege na kuanza kukifungua kwa ncha ya mti. Kilikuwa kitambaa cha kudekia, mistari ya bluu bado inaonekana, kimeviringika na nywele mpaka kimekuwa kigumu kama kamba ya katani. Katikati yake kulikuwa na kijiko. Tukaanza kuapa mmoja mmoja: vijiko vyangu vimetimia, mimi natumia vya plastiki, mimi nakula kwa mkono. Mama mwenye nyumba akainama, akakitazama kile kijiko na ua lake kwenye mpini, kisha akaingia ndani bila neno. Seti ya harusi yake. Mwezi ule hatukuombwa mchango wa fundi.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa, ambalo ukilifanya vizuri hata hayo mengine unaweza kuyaacha: fukia chemba.

Chemba ina tabia mbaya ya kusema ukweli. Choo kikigoma, ukafunua mfuniko ukakuta chemba imejaa, basi kizuizi kiko mbele yake, upande wa karo. Ukikuta ni kavu, kizuizi kiko kati yake na choo. Mtoto wa darasa la tano anaweza kulijua hilo, na kazi ikaisha kwa nusu saa. Kwa hiyo mwaga zege juu ya mfuniko, panga pevingi, kisha egesha gari hapo hapo. Pembeni panda ashoki, mti mzuri, unaleta hadhi, na mizizi yake ikishanusa unyevu itajipenyeza kwenye maungio ya mabomba. Siku ya siku, fundi atauliza chemba iko wapi, na familia nzima itaonyesha vidole sehemu tofauti. Nimeona ua umechimbwa mashimo matano kama watu wanatafuta rupia za Mjerumani.

Dalili zikianza, zidharau. Ukivuta maji chooni tundu la bafuni likakoroma na kutoa mapovu, ujue tatizo limeshatoka kwenye choo kimoja na kuhamia kwenye njia kuu ya nyumba. Ongeza sauti ya redio.

Kisha mwite fundi yule yule. Ataingiza waya, atatoboa donge la mafuta tundu la upana wa kidole, maji yatashuka kwa kelele za kuridhisha, naye atasema "tayari". Mlipe hapo hapo. Usimwulize ametoa nini, maana fundi asiyetoa kitu amekisukuma mbele tu, na jibu litawavunjia urafiki. Kuzibua ni kazi ya jioni moja. Kutafuta kwa nini panaziba pale pale kila mara ni kazi nyingine, na hiyo hujawahi kumlipa mtu.

Karo nalo lina zamu yake. Wakazi walio wengi wa jiji hili hawajaunganishwa na bomba la maji taka la mji; wanategemea karo na shimo la kunyonya. Usiite gari la kunyonya mpaka maji yatoke juu. Tope likijaa litavuka kwenda kwenye shimo la kunyonya na kuziba udongo wake, na baada ya hapo utaliita gari kila mwezi mpaka dereva amzoee mbwa wako. Elekeza na mabomba ya paa humo humo, masika yote yaingie kwenye karo. Kama unaishi bondeni huhitaji hata hilo: maji ya ardhini yatapanda yenyewe, gari linyonye Jumatatu, Ijumaa pawe pamejaa.

Wapo wanaosubiri mvua kubwa, wakatoboa karo usiku, maji ya mtaani yabebe kila kitu kwa jirani. Wanaita kutapisha. Hapo kejeli inaniishia. Kipindupindu kilichoanzia Kinondoni Agosti 2015 kilienea mikoa mingi ya nchi, na watoto wanaocheza kwenye yale madimbwi asubuhi si wageni, tunawajua majina.

Kwa aliyechoka na mwongozo huu kuna njia fupi. Wiki moja kabla ya sikukuu, sogeza gari, funua chemba. Mmoja amwage ndoo ya lita 20 chooni, mwingine asimame juu ya chemba atazame. Maji yakifika kwa kasi na kupita, karibisha wakwe. Yakija kwa kusuasua, una siku saba za kumtafuta fundi mwenye pima maji.