Namna ya Kumshinda Refa Aliyekwisha Kwenda Kulala

Kwanza hakikisha hukuona vizuri. Aliyeona vizuri hana la kusema zaidi ya mara moja, na ubishi wa Goma unataka watu wa kufika nao usiku. Kama ulikuwa kwenye sinema ya mtaani kule Majengo au Birere, nyuma ya jamaa mrefu, na jenereta ikazima mara tu kipenga kilipolia, wewe ndiye shahidi tunayemtafuta. Sema: «Niliona kwa macho yangu.» Hakuna atakayekuuliza ungetumia macho ya nani.

Usianze na sheria. Sheria ya 5 ya kandanda inasema uamuzi wa refa juu ya matukio ya mchezo ni wa mwisho. Sentensi hiyo ikisomwa kwa sauti, watu watanyanyuka waende zao, na mama anayekaanga samaki wa sambaza pale mlangoni atabaki na sufuria limejaa. Mhurumie.

Anza na «Arbitre amekula». Maneno mawili, yanatosha. Usiseme amekula nini wala mkononi mwa nani. Ukibanwa, kunja uso, tazama pembeni, kisha: «Mukubwa, bingine habisemwake.» DC Virunga wakikutana na AS Kabasha, refa hula pande zote mbili dakika ileile. Aliyefungwa anajua kabisa kwamba bahasha ilitembea. Aliyeshinda naye anajua ilitembea, ila timu yake siku hiyo ilikuwa na nguvu kuliko bahasha. Nimewahi kusikia mtu akilalamikia refa wa mechi ambayo timu yake ilishinda mabao matatu kwa bila. Alistahili la nne, akasema. Huyo ni bingwa; kaa karibu naye ujifunze.

Mechi ya Leopards, timu yetu ya taifa, inataka maandalizi zaidi. Chukua nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, tarehe 7 Februari 2024, kule Ebimpé, Abidjan. Cédric Bakambu aliutia mpira wavuni mapema, refa akakataa: kipa Yahia Fofana alikuwa ameshaudhibiti. Sheria ya 12 hairuhusu kumpokonya kipa mpira ulio mikononi mwake. Kwa hiyo refa alikuwa sawa. Nimelisema hapa mara moja, na mtaani Katindo sitalirudia, maana nina meno yangu yote na nayapenda.

Wewe uliza. Mikono miwili au mmoja? Vidole vingapi? Mpira ulikuwa umetulia, au ulikuwa bado unatafuta pa kutulia? Kisha dai picha zirudishwe kwenye simu. Simu bora kwa kazi hii ni ile yenye kioo kilichopasuka: ufa ukipita katikati ya kiganja cha kipa, kila mtu huona alichokuja nacho kutoka nyumbani. Wanaodhani VAR imekuja kumaliza ubishi hawajui walisemalo. Imetuongezea refa mwingine wa kumlaani, aliyejificha chumbani.

Kuna jambo moja la usiku ule ambalo halibishaniwi. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji walifunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kichwani mfano wa bastola, kuililia vita ya huku kwetu mashariki. Likitajwa, nyamaza kidogo kama wenzako. Mtu atavunja ukimya kwa kusema, «Ndiyo sababu walitunyima lile bao,» na kazi itaendelea.

Ogopa refa mwenye kukiri. Huko Detroit, tarehe 2 Juni 2010, mrushaji wa besiboli Armando Galarraga alikuwa amebakiza kumtoa mpigaji mmoja tu ili amalize mchezo mzima bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Mpinzani akatolewa kihalali. Mwamuzi Jim Joyce akasema amefika salama. Baada ya mechi Joyce akatazama picha, akakubali kwamba amekosea, akamwomba Galarraga msamaha. Wamarekani walimsifu sana. Ungwana, ndiyo, lakini mtu akikiri siku ileile, watu wataongea nini mpaka Jumapili? Nafuu yao ni kwamba mkuu wa ligi, Bud Selig, alikataa kuubadilisha uamuzi ule, wakabaki na mfupa wa kuguguna.

Ukizidiwa hoja kabisa, mtafute mzee wa 1974. Hakosekani mezani kwenye baa. Usimkatize, kwani katika nganda nzima yeye peke yake ana kesi ya kweli. Tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Zaire, yaani sisi, ilicheza na Yugoslavia. Ilunga Mwepu alimpiga teke refa Omar Delgado wa Colombia. Delgado akamtoa Ndaye Mulamba. Ndaye yuleyule aliyefunga mabao 9 kwenye Kombe la Afrika la mwaka huo nchini Misri, rekodi ambayo hakuna aliyeivunja. Mwepu alisema wazi kwamba mkosaji ni yeye. Haikusaidia. Tukafungwa 9-0. Mzee atakuambia kwamba Ndaye angebaki tungeshinda. Usimkumbushe kwamba yalikuwa yameshaingia manne. Yeye atakukumbusha kwamba kocha wetu, Blagoja Vidinić, alikuwa Myugoslavia, na kwamba kipa Kazadi alibadilishwa hata nusu saa haijafika. Hapo agiza Primus nyingine.

Ndaye alifariki Johannesburg mwezi Januari 2019, na katika kumbukumbu za mechi ile kadi nyekundu bado imeandikwa kwa jina lake. Mtu akikuambia kesi hiyo imekwisha, mpe kiti akae.