Usijaze Lumbesa: Namna ya Kuchagua Gemu za Wiki ya Mazimwi Bila Kujichosha

Tuseme uko Kwai, milimani Lushoto. Ukungu umeshuka mpaka dirishani, bando lililobaki ni la kusoma tu, si la kutazama video, na wewe na wenzako mmeamua kuanzisha wiki (tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri) ya Kiswahili ya mazimwi makubwa: Godzilla, King Kong, Nunda na jamaa zao. Filamu mtazimaliza. Gemu ndizo zitakazowamaliza nyinyi. Siku hizi karibu kila gemu ina dude kubwa mahali fulani, na kila dude lina shabiki wake anayetaka liandikiwe ukurasa leo leo.

Nisikilize mimi. Hutaki kuzicheza zote, na hata ungetaka usingeweza. Unataka uonekane bingwa kwa jasho dogo. Nakuunga mkono kabisa. Inawezekana, tena kwa njia ya halali.

1. Kataa lumbesa.

Watu wa Kwai mnalijua gunia la lumbesa kuliko mimi. Viazi vimeshafika mdomoni, mnunuzi anaongeza kilemba juu, anashona kamba, gunia linapakiwa kuteremka Soni na Mombo, na bei ni ile ile ya gunia moja. Anayeumia ni aliyelima. Wiki nayo hujazwa hivyo hivyo: gemu mia zimerundikwa, kila moja na mstari mmoja, hakuna mwaka, hakuna jina la mtengenezaji, hakuna hata neno juu ya zimwi linafanya nini humo ndani. Msomaji akifungua kurasa tatu za namna hiyo harudi tena.

Wewe shona gunia mapema. Gemu chache zilizoandikwa sawasawa zinatosha kukupa ubingwa wa lugha nzima, kwa sababu kwa Kiswahili uwanja bado ni mweupe.

2. Tupa futi kamba.

Kishawishi cha kwanza ni kupima urefu. Mtu atasimama aseme: zimwi lisilofika mita 100 lisiingie. Kwa masikio inapendeza, ila itakuaibisha siku ya kwanza. Godzilla wa 1954 alikuwa na mita 50. Wa 1984 akapewa mita 80, wa 1991 mita 100, wa Shin Godzilla mwaka 2016 akafika mita 118.5, na kwenye Godzilla Minus One ya 2023 akarudi kwenye hamsini zake. Kwa sheria yako, mzee mwenyewe aliyeanzisha ukoo amebaki mlangoni.

Tazama pia Shadow of the Colossus, gemu ya PlayStation 2 iliyotoka 2005. Ina majitu 16, na hakuna adui mwingine humo. Unapanda farasi nchi tupu mpaka unapolikuta jitu, unalipanda kwa manyoya yake, unatafuta pa kuchoma upanga. Mengine ni makubwa kama jengo, lakini wapo wawili wadogo sana kuliko wenzao. Utawafukuza hao wawili ubaki na ukurasa wa majitu 14? Acha mita.

3. Azima kipimo cha mama wa Unguja.

Hapa ndipo penye njia ya mkato iliyo bora kuliko zote, kaa nayo vizuri. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizozikusanya Unguja, na mojawapo ni ya Sultani Majinuni. Sultani ana paka. Paka anakula kuku, watu wanashtaki, sultani anasema paka ni wake na kuku ni wake, mwacheni. Paka anazidi kukua, anahamia kwenye mifugo, kisha watu, mwisho anakula watoto wa sultani mwenyewe. Sasa ndiye Nunda, mla watu. Mwana wa mwisho anatoka kumtafuta, naye hajawahi kumwona. Kila akiua mnyama anamburuta nyumbani kumwonyesha mama. Mbwa. Mama anasema siye. Twiga, siye. Kifaru, siye. Analeta hata ndovu, na mama hatetereki: siye.

Ndovu alikuwa na ukubwa wote unaoutaka. Lakini siye aliyemaliza mji. Yule mama alifanya kazi ya mhariri wa wiki, na aliifanya bila kuinuka kwenye kiti.

Chukua kipimo chake ukigeuze swali moja: ukilitoa zimwi, gemu inabaki? Kama inabaki, siye. Kama inaanguka, ndiye.

Jaribu kwenye Rampage ya 1986. Wewe ndiwe zimwi: George sokwe, Lizzie mjusi au Ralph mbwa mwitu. Unapanda ghorofa, unapiga ngumi ukuta, unakula askari anayechungulia dirishani. Nguvu zikiisha unanywea na kuwa binadamu tena, uchi wa mnyama, unatoka pembeni ya skrini kwa aibu huku umejiziba kwa mikono. Toa mazimwi humo, zinabaki ghorofa zimesimama na hakuna wa kuzigusa. Ndiye. Andika ukurasa mrefu. War of the Monsters ya 2003, ndiye. Godzilla: Destroy All Monsters Melee ya 2002, hilo halina mjadala.

Sasa SimCity ya 1989. Kuna zimwi linaloibuka na kukanyaga mji, na linavutwa na sehemu zenye uchafuzi mwingi wa hewa, jambo ambalo mimi nalipenda sana. Lakini litoe: barabara zipo, kodi inakusanywa, meya yupo kazini. Siye. Najua utaniambia habari ya Tokyo, ile hatua ambayo kazi yako ni kuuokoa mji baada ya zimwi kupita. Sawa. Iandikie sentensi mbili kwenye ukurasa wa michezo iliyoazima zimwi, kisha songa mbele.

Na kwa kuwa tuko Usambara, mtu atakuletea simba wa Mbegha, mwindaji aliyeanzisha utawala wa Wakilindi. Abdallah bin Hemedi alimwandika Mbegha katika Habari za Wakilindi, na sisi wote tunajivunia cheo cha Simba Mwene. Lakini yule simba ni simba. Mwache kwenye historia ya Vugha, huko ana heshima yake.

4. Mgeni apewe kiti, asipewe nyumba.

Mei 2022 Godzilla na Kong waliingia Call of Duty: Warzone. Januari 2025 Godzilla akaingia Fortnite. Vijana wa kibanda cha gemu watakuambia gemu hizo zinastahili ukurasa kwa sababu wamemwona kwa macho yao. Kweli wamemwona. Lakini alikuja, akaondoka, na risasi zinaendelea. Kwa hiyo usianzishe ukurasa wa Fortnite. Fungua ukurasa wa Godzilla, sehemu ya gemu alizotembelea, andika mwezi na mwaka na alichofanya. Umemaliza kwa dakika chache na hakuna ulichomnyima msomaji.

Fanya hivyo hivyo kwa mfululizo wenye kwao. Monster Hunter, iliyoanza 2004, inapita kipimo cha mama bila shida, ila mashabiki wake wanayo hazina yao tayari na ni kubwa kuliko nguvu zenu zote. Upe mfululizo mzima ukurasa mmoja. Ukianza kufungua ukurasa kwa kila toleo, umerudi kwenye lumbesa.

5. Pale mahakama ilipokwisha kuamua, usiamue tena.

Donkey Kong ya 1981 italeta ugomvi. Sokwe mkubwa, mwanamke aliyetekwa, kupanda juu: mtu atasema huyu ni King Kong, mwingine atasema sivyo, na usiku utaisha. Kampuni ya Universal iliifikisha Nintendo mahakamani Marekani mwaka 1982 kwa hoja hiyo hiyo. Ikashindwa. Jaji aliona watu hawawezi kuwachanganya hawa wawili, na tena miaka ya sabini Universal hiyo hiyo ilikuwa imedai mahakamani kwamba hadithi ya King Kong ni mali ya umma. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa ikaunga mkono hukumu.

Kwa hiyo Donkey Kong hana ukurasa wa zimwi kwako. Kesi yenyewe, ndiyo, iandike ndani ya ukurasa wa King Kong, na uiandike kwa raha, maana hakuna habari tamu kuliko hiyo. Anayebisha mwambie akakate rufaa.

6. Kataa gemu, usimkatae mtu.

Kila gemu unayoiacha nje ni kipenzi cha mtu. Usimjibu kwa neno moja. Kama ni mdogo wako, mwambie: mdogo wangu, gemu yako iko kwenye ukurasa wa michezo iliyoazima zimwi, na sehemu hiyo haina mwandishi, iandike wewe. Wiki huhifadhi jina la kila aliyehariri, na jina likishaonekana hapo ugomvi huisha. Kama ni mzee mwenye kibanda, shikamoo kwanza, kisha umwombe akuambie gemu gani ya mazimwi vijana waliicheza sana enzi za PlayStation 2. Atasahau kabisa alichokuja kudai, na utaondoka na habari usiyoipata popote.

Andika swali la mama juu kabisa ya ukurasa wa kanuni kabla mtu yeyote hajauliza. Kanuni iliyoandikwa kabla ya ugomvi huitwa kanuni. Iliyoandikwa baadaye, watu husema umewalenga wao.

7. Nguvu uliyookoa, imwage hapa.

Sasa umeacha gemu nyingi nje na hujachoka. Nenda palipo pako. Tarehe 23 Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, kazi ya studio ya Surgent iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Aliitunga kutokana na kumwombolezea baba yake. Zau ni mganga kijana anayemtaka Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba. Sharti ni kuyaleta mapepo makuu matatu, na mojawapo ni Impundulu, ndege wa radi wa kusini mwa Afrika. Toa mapepo hayo na Zau hana cha kumpa Kalunga. Ndiye, bila wasiwasi.

Na gemu hiyo ina sauti za Kiswahili. Mashabiki wa Godzilla duniani wanaandika kwa Kijapani na Kiingereza, nao wameandika vizuri, huwezi kuwashinda kwao. Lakini nani ataeleza kwa Kiswahili namna wahusika wa Zau wanavyoitana, wanavyoomboleza, wanavyomwogopa Kalunga? Nani ataweka Nunda wa Unguja ukurasa mmoja na Impundulu, aonyeshe wanapokutana na wanapoachana? Ni wewe uliye Kwai na simu yako. Ukiwa wa kwanza kuandika, ubingwa huo hakuna wa kukugombania.

Kwa hiyo anza na Zau. Tafuta mwenye mashine, chagua sauti ya Kiswahili, cheza mpaka pepo la kwanza, kisha andika mwaka, mtengenezaji, zimwi ni nani na linataka nini. Ukurasa wa pili uwe wa Nunda. Fortnite ikisubiri mwaka mzima haitadhurika.