Mgeni Njoo na Gari Kubwa

Wapo wanaoilaumu Wizara ya Ulinzi ya Marekani kwa jinsi inavyowagawia polisi vifaa vya ziada vya jeshi. Mimi naisifu. Mwaka 2017 wakaguzi wa GAO, wanaolifanyia kazi Bunge, walieleza walivyobuni idara ya usalama isiyokuwepo duniani, wakajiandikisha, wakaagiza. Haikupita wiki, wakaanza kukabidhiwa: vitu zaidi ya 100 vya dola milioni 1.2, ikiwemo miwani ya kuonea usiku, bunduki za mfano na mabomu ya mfano.

Huo ndio uungwana! Nchi hiyohiyo, ukitaka dawa ya mafua yenye pseudoephedrine, mfamasia atadai kitambulisho na saini. Kijana akitaka bia, ataulizwa amezaliwa lini. Lakini katika maghala mawili kati ya matatu waliyofika wakaguzi, mteja hakuulizwa kitambulisho. Mgeni apekuliwe kama mwizi?

Ninaowahurumia ni polisi waliopo kweli. Wanalipa kodi ya ofisi, wanalipa mishahara, wanatunza mafaili. Gharama zote hizo za nini, ilhali kutokuwepo kunatosha?