Rahisisha Kwanza

Kurahisisha mtajo wa aljebra kabla ya kutafuta derivativu yake ni kazi ya nusu dakika. Asiyerahisisha hutumia ubao mzima, na ubao una watazamaji.

Tukio la juzi, lililoacha masikio ya mwanafunzi mhusika na moto hadi leo, lilitokea kwenye tuisheni ya jioni Kihesa, Iringa, katika baridi ya Julai ambamo chaki haishikiki. Swali lilikuwa derivativu ya (x² − 9)/(x − 3). Mwanafunzi wa tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) akishauona mstari wa sehemu hatazami tena kilicho juu wala chini yake. Hukimbilia kanuni ya mgawanyo: asili mara derivativu ya kiasi, toa kiasi mara derivativu ya asili, yote kwa kipeo cha pili cha asili. Kanuni haina kosa. Leibniz aliichapisha mwaka 1684, na haimwangushi anayejua kutoa. Juu kunapatikana 2x(x − 3) − (x² − 9), na mtego uko kwenye ile alama ya kutoa iliyo nje ya mabano: −9 lazima itoke ikiwa +9. Mhusika aliisahau. Akapata x² − 6x − 9, mtajo usiofutana na chochote, akausukuma hadi ubao ukamwishia konani. Hapo msichana wa dawati la nyuma, bila kuinuka, akasema jibu ni 1.

Ni 1 kweli. x² − 9 ni (x − 3)(x + 3). Zile (x − 3) za juu na chini zinafutana, inabaki x + 3, mstari wenye mteremko wa 1. Kanuni ndefu nayo, ikifuatwa bila kuteleza, inafika hapohapo: x² − 6x + 9 ni (x − 3)² kamili, sawa na asili yake. Ajabu zaidi, jibu la mhusika, x² − 6x − 9 kwa (x − 3)², ni derivativu halali ya (x² + 9)/(x − 3). Mhusika alipatia swali ambalo hakuulizwa. Tena, x ikiwa 3 mtajo wa mwanzo ni 0 kwa 0, hauna thamani wala derivativu. Grafu yake ina tundu moja. Msichana wa nyuma hakulitaja tundu hilo, na hakuna aliyemuuliza.

Kutafuta vigawo hufunzwa kidato cha pili kama somo la kupita, derivativu huja baada ya cha nne, na katikati hakuna anayeambiwa kwamba vitu hivyo viwili vinajuana. Mbaya zaidi, wapo wasahihishaji wanaotoa alama kwa kila mstari wa kanuni. Aliyerahisisha akamaliza kwa mistari miwili huulizwa amenakili kwa nani. Hilo halichekeshi.

Yaliyobaki ni mafupi. (x⁴ + x)/x ni x³ + 1, derivativu 3x². Logi asilia ya x⁵, x ikiwa chanya, ni 5 ln x, derivativu 5/x. Na (x + 2)¹⁰ hairahisishwi kwa kufungua mabano: aliyeyafungua alipata vipande 11 na kuomba karatasi ya pili.